Kadi ya mume haikupigii kura

Swali: Nilikimbia Kirumba, Kivu Kaskazini, vita vilipofika mwaka 2024, kadi yangu ya mpiga kura ikapotea. Mume wangu anasema yake inatosha. Ni kweli?

Jibu: Hapana, mama. Kadi ni ya mtu mmoja, na tangu Sheria ya Familia ya Kongo ilipobadilishwa 2016, mke haombi ruhusa ya mume ili kushughulikia karatasi zake. Sheria ya kuandikisha wapiga kura inaruhusu hata asiye na cheti cha kuzaliwa aandikishwe kwa mashahidi, jambo linalowafaa hasa wanawake wa vijijini. Vita ndivyo kikwazo kikubwa: Desemba 2023 maeneo ya Masisi na Rutshuru hayakupiga kura kabisa. Kwa hiyo omba duplikata, yaani nakala ya kadi, kwenye ofisi ya CENI (tume ya uchaguzi) iliyo wazi, na uitunze mwenyewe.