Mlisho au Ubao? Kuhusu Istilahi Moja ya Intaneti

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoingia Kiswahilini kwa tafsiri ya neno kwa neno ni mlisho, yaani utaratibu wa kufuata habari mpya za tovuti bila kuizuru kila mara. Makala hii yanuia kuueleza utaratibu huo kwa mtu asiye mtaalamu, kisha kuhoji iwapo neno lenyewe linamsaidia au linampotosha.

Tuchukue mfano wa Witeithie, makazi yaliyo karibu na Juja, katika njia ya Thika. Tuseme mama mmoja wa hapo anataka kujua bidhaa mpya za maduka kumi. Akiyazunguka yote kila siku atachoka. Basi kila mwenye duka atundike ubao mlangoni, aandike kilichofika, tarehe, na rafu kilipo. Mama humtuma mtoto azipitie mbao hizo kila saa, naye hurudi na kutaja yale tu ambayo hakuyakuta awali.

Ubao huo ndio mlisho: faili ndogo ya maandishi, yenye vichwa vya habari, tarehe na viungo, ambayo tovuti huiandika upya kila inapochapisha jambo. Mtoto ni programu ya kusomea milisho, iliyomo katika simu au kompyuta. Mpangilio mashuhuri wa faili hizo, RSS, ulianzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1999. Mwenzake, Atom, ulisanifishwa mwaka 2005.

Sasa tuliangalie neno. Kitenzi lisha humtanguliza mlishaji: mfugaji humlisha ng'ombe, na ng'ombe hupokea anachopewa. Katika utaratibu huu hakuna mlishaji. Mwenye duka hajui mtoto aliyesoma ubao wake katumwa na nani. Istilahi kujiandikisha nayo ina kasoro iyo hiyo, kwani mwenye tovuti hadai jina wala anwani. Ukichoka, unamwambia mtoto asipite tena kwenye duka lile, basi. Linganisha na matangazo ya barua pepe: huko anwani yako imo mikononi mwa mtumaji, na kuacha kwako kunategemea hiari yake. Mtu aliyefundishwa kwamba mambo haya mawili ni "kujiandikisha" hawezi kujua ni lipi linalomfichua. (Kinachostahili hasa kuitwa mlisho ni ukurasa wa Facebook, ambako kampuni ndiyo huamua utangulie kuona nini.)

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba mlisho limekwisha kuzoeleka. Ni kweli, na wataalamu waendelee nalo. Lakini mazoea hayaondoi hatari ya tafsiri sisisi. Jina Witeithie ni la Kikuyu. Ukilitafsiri neno kwa neno utapata "jisaidie", na msomaji wa Kiswahili atakwenda msalani, ilhali maana iliyokusudiwa ni kujitegemea.

Kwa ufundishaji wa umma, napendekeza ubao wa habari na kufuatilia. Istilahi hizi zinafafanua hata yaliyotokea tarehe 1 Julai 2013, Google ilipoifunga programu yake ya Google Reader, na wengi wakadhani RSS imekufa. Aliyeondoka ni mtoto mmoja. Mbao zilibaki milangoni, na hadi leo podikasti husambazwa kwa njia iyo hiyo.