Kusimama Njiani Pia ni Imani

Somo: Matendo 27:9–44

Tukisoma habari za Paulo baharini, wengi wetu tunakimbilia pale malaika anaposimama naye usiku. Leo naomba tubaki kidogo Bandari Nzuri, kabla ya dhoruba. Siku ya mfungo ilikuwa imepita, maana yake baridi ilikuwa inakaribia na safari za bahari zilishakuwa za hatari. Paulo akawaonya. Akida akaona ni afadhali amsikilize nahodha na mwenye merikebu. Hawakuwa wajinga, jamani. Bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, na Foinike haikuwa mbali. Halafu upepo wa kusini ukavuma polepole, wakaona mambo yamekubali. Mimi huo upepo mzuri ndio unaonitisha, kuliko hata ile Eurakilo.

Somo hili lilinikaa moyoni Desemba moja nikiwa Marekani kwa dada yangu mdogo. Yeye na mumewe na watoto watatu wanaishi Minneapolis. Krismasi tulikuwa tumeenda kwa jamaa zetu Dallas, Texas. Kurudi ni kama kilomita 1,500, na karibu safari yote ni barabara moja, I-35, kutoka kusini hadi kaskazini. Tulitoka Jumamosi alfajiri. Mzee mmoja wa kanisa aliliwekea gari mikono akatuombea. Dallas tulikuwa tumevaa masweta tu. Tukalala Kansas City, na Jumapili mchana, tulipopita Des Moines katika jimbo la Iowa, upepo ukaanza kusukuma theluji ikikata barabara kama moshi.

Kwa asiyeijua baridi ya kule: shida si theluji unayoiona. Kuna barafu nyembamba inayokaa juu ya lami, ukiangalia unadhani ni maji tu. Madaraja ndiyo huganda kwanza, kwa sababu hewa baridi inapita juu na chini yake. Wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, lakini baridi ikizidi sana, hata chumvi inashindwa. Na ukikwama, usiwashe injini kupata joto kabla ya kuondoa theluji kwenye ekzosi, maana ule moshi ukirudi ndani unaua watu wakiwa wamelala.

Tukaingia petroli stesheni karibu na Ames. Malori yalikuwa yamepangwa pale kama Salgaa jioni.

Shemeji alikuwa na zamu Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, katika nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa ameshaonywa mara moja kuhusu kukosa kazi. Dada yangu akasema, “Baba watoto, tumeombewa. Twende tu, tutafika.”

Shemeji akayaangalia yale malori. “Mama, hao wanalipwa wakifikisha mzigo. Wakisimama wote hivi, kuna kitu wanajua.”

Dada akanigeukia. “Dada, wewe ndiye mwombaji. Sema kitu.”

Nikamwambia tuliomba tufike, hatukuomba tufike leo. Hakufurahi. Na simlaumu, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji theluji iyeyuke. Lakini tukatafuta chumba cha bei nafuu tukalala humo sisi sita, watoto chini kwenye blanketi. Usiku huo barabara ya kuelekea kaskazini ikafungwa. Ilipofunguliwa kesho yake tulipita magari yaliyotumbukia mtaroni, mengine yamefungwa utepe kuonyesha polisi wameshakagua kama kuna mtu ndani. Dada alihesabu kumi na moja kisha akanyamaza.

Sasa, wapendwa, ningependa kuwaambia kwamba mkubwa wa kazi alielewa. Hakuelewa. Shemeji alikatwa siku hiyo na akapewa barua ya onyo; nilikuwepo akiisoma mezani. Kutii kuna gharama, na wahubiri wengine wanaruka sehemu hiyo. Hata katika Matendo, watu 276 walifika nchi kavu wote, lakini merikebu na shehena vilipotea. Na baadaye Paulo alikaa Melita miezi 3 mpaka baridi ikaisha. Hakuna aliyemwambia imani yake imepungua.

Januari inakuja. Tutakuwa tunarudi kutoka ushago, shule zinafunguliwa, dereva hajalala, na ukungu wa Kinungi unawangoja. Tutaomba kabla ya kutoka, na ni vizuri. Lakini yule anayesema “tulale Nakuru” tusimkemee kama mtu mwenye roho ya hofu.

Mkikutana kwenye vikundi vya nyumbani wiki hii, someni mstari wa 11 polepole, kisha kila mtu ajibu: katika nyumba yako, ni nani huwa anaonya na hakuna anayemsikiliza?