Kubaini Kasoro za Usikilizaji wa Rekodi za Fasihi Simulizi katika Kompyuta: Mifano ya Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuonyesha namna mtafiti anavyoweza kubaini chanzo cha kasoro zinazojitokeza anaposikiliza rekodi katika programu ya kuhariri sauti, kama vile Audacity. Mifano inahusu rekodi za aina mbili kutoka Usukumani: nyimbo za mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, na simulizi za wachimbaji dhahabu. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na wengi wa waliofanya kazi humo wamekwisha fariki. Kanda iliyonasa sauti ya mmoja wao haina mbadala.

2.0 Kasoro ya Kasi

Kanda ya kaseti hupita kwenye kichwa cha mashine kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kinasa sauti chenye betri dhaifu huiendesha polepole zaidi. Kanda hiyo ikichezwa baadaye kwa kasi sahihi, msemaji husikika akiharakisha na sauti yake ikiwa nyembamba kupita kiasi.

Kompyuta nayo ina kosa linalofanana na hilo. Faili lililonaswa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde likisomwa kana kwamba lina sampuli 44,100, wimbo wa dakika 10 huchukua dakika 10 na sekunde 53, na kidatu hushuka. Mpangilio wa toni za Kisukuma, yaani ipi ya juu na ipi ya chini, haupotei. Kinachoharibika ni vipimo: irabu ya milisekunde 100 hupimwa kuwa karibu 109, jambo zito katika lugha inayotofautisha irabu fupi na ndefu. Tiba ni kurekebisha kiwango kilichotajwa kwenye faili. Kuzalisha sampuli upya hakuondoi kosa hilo, bali hulidumisha.

3.0 Sauti Kukatika

Sauti ikikatika, sehemu hiyo isikilizwe mara mbili. Mkatiko ukirudi mahali palepale, yaelekea umo ndani ya faili, na kanda ya awali haina budi kuchezwa tena. Ukihama, kasoro imo katika uchezaji: aghalabu hifadhi ya muda ya sauti ni ndogo, au kompyuta imelemewa na programu nyingine. Hapo hifadhi hiyo iongezwe; faili lisiguswe.

4.0 Sauti Kupasuka

Ngoma za mashindano huvuma kwa nguvu. Mchoro wa mawimbi ukionyesha vilele vilivyokatwa bapa, kinasa kilizidiwa wakati wa kurekodi. Kupunguza sauti sasa hakurudishi kilichopotea. Mchoro ukiwa mzima ilhali sauti inapasuka, mtafiti akague spika na waya.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba kasoro moja isikikayo yaweza kuwa na vyanzo viwili: rekodi yenyewe au chombo kinachoicheza. Anayehariri kabla ya kutofautisha viwili hivyo huweza kuiharibu rekodi iliyokuwa nzima. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba faili la awali lihifadhiwe bila kuguswa, kazi ifanywe kwenye nakala, na muda wa kila rekodi uandikwe katika daftari papo hapo uwandani. Daftari hilo ndilo shahidi wa kwanza pale kompyuta inapopotosha sauti ya mzee ambaye hawezi tena kuulizwa.