Saruji iliyobaki chini ya ufizi

Swali: Daktari, niliwekewa jino la kupandikizwa huko Thika. Sasa ufizi unatoa damu nikipiga mswaki. Shida ni ile gundi inayoshikilia taji la jino?
Msomaji, Ruiru

Jibu: Huenda. Gundi hiyo, yaani saruji, ikibaki chini ya ufizi, bakteria hujishikiza hapo na uvimbe huweza kula mfupa, pengine miaka baadaye. Mtafiti Wilson wa Marekani, mwaka 2009, alikuta saruji iliyobaki katika 81% ya vipandikizi vyenye dalili za ugonjwa. Saruji ya resini hung'ang'ania titani ya kipandikizi, na baadhi ya saruji hazionekani kwenye eksirei. Ya zinki huonekana na hutoka kirahisi. Bora zaidi, kwangu, ni taji la kufungwa kwa skrubu, lisilohitaji saruji. Rudi kwa daktari wako upesi. Eksirei pekee haitoshi, na usijichokoe.