"Con": Neno Fupi Lililoficha Amana



Ndugu zangu katika imani, leo nataka tusome neno moja la Kiingereza cha mtaani ambalo nalisikia sana mabwenini: "con". Mtu husema amemkoni fulani, na wenzake wakacheka. Wote tunajua linahusu kudanganya. Lakini udanganyifu una aina nyingi, na tukijua neno hili limetoka wapi, nadhani kicheko kitapungua.

"Con" ni kipande kilichokatwa kwenye neno "confidence", yaani imani ya mtu kwa mwenzake. Mwaka 1849, mjini New York, Marekani, alikamatwa mtu aliyejulikana kwa jina la William Thompson. Hakumtishia mtu kwa kisu wala hakuvunja mlango. Alivaa nadhifu, akamwendea mtu asiyemjua, akazungumza naye kama rafiki wa zamani, kisha akamuuliza kama anamwamini kiasi cha kumwachia saa yake mpaka kesho. Aliyemwachia hakuiona tena. Gazeti la New York Herald likampa jina la "Confidence Man", na mwaka 1857 Herman Melville akatoa riwaya yenye jina hilo. Baadaye watu wakafupisha, ikabaki "con".

Sasa matumizi yake. Kama jina, "a con" ni ile hila yenyewe. Kama kitenzi, "to con someone" ni kumtapeli mtu. Mwenye kazi hiyo ni "con man", yule ambaye hapa Uganda Waganda humwita mufere. Tahadhari moja: "cons" katika "pros and cons" ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kilatini "contra", yaani dhidi ya.

Tusichanganye pia na wizi wa kawaida. Anayekupokonya simu barabarani amekuibia, lakini hajakukoni. Con huanza pale unapomwamini mtu, na imani yako ndiyo chombo anachokutilia mfukoni.

Waingereza na Wamarekani humwita pia "con artist". Nasi katika Kiswahili cha mitaani tumefanya hivyo hivyo: tapeli ni msanii, na utapeli ni usanii. Hapa ndipo ninapoona hatari. Dhambi ikipewa jina la sanaa, hupata mashabiki.

Uislamu haukuipa jina la sifa. Maneno yetu ghushi na hadaa yametoka katika Kiarabu, na mizizi yake imo katika mafundisho ya dini. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kimelowa. Mwuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Na katika Suratul Baqara, aya ya 9, Mwenyezi Mungu anatuambia kwamba wanaowahadaa waumini hawamhadai yeyote ila nafsi zao.

Tulete chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anampa mwenzake karo ya muhula amlipie, kwa sababu wanasimama safu moja msikitini. Mtihani unafika, jina lake halimo kati ya waliolipa. Fedha zilizopotea ni za mzazi aliyeuza ng'ombe. Kilichopotea zaidi ni kwamba kijana huyo hatamwamini tena mtu kwa sababu ya kumwona akiswali. Vivyo hivyo anayekopa huku moyoni hana nia ya kulipa: hata akiita ujanja, amekula amana, na Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamuru kurudisha amana kwa wenyewe.

Kwa upande wa pili, kuwa mwema si kuwa mzembe. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Muumini haumwi mara mbili katika tundu moja. Suratul Baqara, aya ya 282, inataka deni liandikwe na liwe na mashahidi. Basi andikianeni, dai risiti, lipa karo kwa mkono wako. Ndugu mkweli hatachukia.

Na ukisikia mtu akijisifu kwamba amekoni, mrudishie neno kwa urefu wake: umeaminiwa, ukahini.

Allah atujaalie kuwa watu wa amana. Amin.