Somo la Juma: Bezaleli Alipewa Ufundi, Akapewa na Moyo wa Kufundisha



Tusome: Kutoka 35:30-35 na Mathayo 25:14-30.

Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi. Hata hivyo yeye ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kutajwa kwa jina lake kwamba Mungu alimjaza Roho wake, na alijazwa kwa ajili ya kazi ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mawe na kukata miti. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mambo ya kazi ni mambo ya dunia tu, hayana nafasi katika somo la kanisa. Sisi Wakimbangu tunayo maneno matatu tunayofundishwa tangu utoto: Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo kusema Upendo, Amri na Kazi. La tatu ni letu sawa na yale mawili ya kwanza.

Tunaandika somo hili kwa sababu ya maombi tunayopokea. Wengi wanakuja kwa mashemasi kuomba tuwaombee wapate kazi, au wapandishwe cheo pale walipo. Tunaomba pamoja nao, na tutaendelea kuomba. Lakini tukimuuliza ndugu: «Tangu mwaka jana umejifunza nini katika kazi yako?», mara nyingi ananyamaza. Miaka kumi anafanya kitu kilekile, kwa namna ileile, na anamngojea patroni amwone. Yule mtumwa wa talanta moja hakuiba wala hakupoteza. Aliirudisha kama alivyoipokea, na bwana wake alikasirika.

Sisi wa Katanga tunapaswa kufahamu neno hili kuliko wengine. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na baba wengi waliamini kwamba kazi ile ingewatosha wao na watoto wa watoto wao. Mwaka 2003, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliacha kazi. Fedha waliyopewa iliisha. Yule aliyejua umeme, kuchomelea vyuma au kutengeneza mashine aliondoka na kitu ambacho hakuna aliyeweza kukiandika kwenye karatasi ya kurudisha vyombo vya kampuni. Yule aliyejua tu njia ya kwenda kazini na kurudi alipata taabu kubwa, pamoja na mama na watoto.

Tena elimu haikufungwa kwa mtu mzima. Iko INPP, iliyoundwa na Serikali mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha watu kazi. Ina kituo hapa Lubumbashi, na inapokea vijana pamoja na wafanyakazi wanaotaka kuongeza ujuzi. Aliyeacha shule kabla ya D6 ajue kwamba hata aliyejisomea nyumbani anaweza kujiandikisha kwa mtihani wa Serikali. Wako watu waliofanya mtihani huo wakiwa na watoto wenye umri wa kuufanya, na hatuoni haya yoyote ndani yake. Mama anayeuza sokoni naye anaweza kuanza na daftari moja: leo nimenunua kwa kiasi hiki, nimeuza kwa kiasi hiki, nyumbani nimetoa kiasi hiki. Baada ya mwezi mmoja daftari lile litamwonyesha ni bidhaa gani inamlisha na ni gani inamla.

Mtatuambia: fedha itatoka wapi? Ni kweli, masomo yana bei. Lakini tunajua kuweka likelemba kwa ajili ya sahani na viti vya plastiki. Watu sita wakiweka likelemba ya masomo, kila mmoja atalipiwa zamu yake. Na sisi tunaojua kushindana katika nsinsani mpaka jua kuzama hatuwezi kusema kwamba hatujui kutoa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kifungu cha 34 kinasema kwamba Mungu hakumpa Bezaleli ufundi peke yake: alimtia moyoni pia kuwafundisha wengine, yeye na Oholiabu wa kabila la Dani. Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Tunaona katika karakana zetu: kijana anakaa miaka miwili kwa fundi wa nguo, anafagia, anachota maji, anawasha pasi ya makaa. Saa ya kukata kitambaa ikifika, fundi anamtuma sokoni. Anaporudi, nguo imekwisha kukatwa. Katika ofisi ni vilevile. Mtu mmoja anashika hesabu zote kichwani mwake, na akiugua malaria kazi yote inasimama. Anadhani amejikinga. Anasema: «Nikimfundisha, atachukua kiti changu.»

Ndugu, patroni akitaka kukupandisha, atamweka nani kwenye kiti chako? Kama hakuna mwingine anayejua kazi ile, atakuacha palepale, na cheo kitapewa mtu mwingine. Tumeliona hili mara nyingi kuliko tunavyoona mwanafunzi akimpokonya fundi wake.

Tazameni orkestra ya simfoni ya Kanisa letu kule Kinshasa. Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon Kimbangu, aliianzisha mwaka 1994. Alikuwa rubani wa ndege, na kazi ile ilikuwa imemwishia. Wengi waliokuja kwake hawakujua kusoma noti. Violini zilikuwa chache. Mmoja alipiga, kisha akampokeza mwenzake aliyekuwa akingoja. Uzi ulipokatika, waliweza kufunga waya wa breki ya baiskeli. Noti walizinakili kwa mkono. Waliotangulia kujua kidogo waliwafundisha waliokuja nyuma, na mmoja wao alijifunza hata kutengeneza zile ala kubwa za besi. Mchana walikuwa kwenye biashara na kazi zao, jioni walikuja mazoezini. Filamu juu yao, Kinshasa Symphony, ilitoka mwaka 2010, na mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimpokea Armand Diangienda kuwa mwanachama wake wa heshima. Kama yule wa kwanza aliyejua violini angeificha nyumbani kwake, kungekuwa na mpiga violini mmoja, basi.

Tunawaomba mafundi wa parokia yetu, wa nguo, wa mbao, wa umeme, wa mekanika na wa kompyuta, waandikishe majina yao kwa shemasi wa zamu baada ya ibada ya jumapili. Kila mmoja atapewa vijana wawili, wa kiume au wa kike, kwa muda wa miezi mitatu. Fundi wa nguo atawaonyesha kukata.