Kuwaka si Kuamka: Namna ya Kuchunguza Mfumo Endeshi Uliojengwa kwa Mkono Unapokataa Kuanza

Utangulizi

Wazungumzaji wa Kiswahili husema kwamba moto umewaka, taa imewaka na tarakilishi imewaka. Kauli hii ya tatu, ijapokuwa imezoeleka, huficha jambo muhimu. Tarakilishi inaweza kuwaka, taa yake ikang'aa na feni yake ikavuma, ilhali mfumo wake endeshi ungali umelala fofofo. Kati ya kubonyeza swichi na kuulizwa nywila kuna hatua kadhaa, na kazi inaweza kukwama katika hatua yoyote ile. Makala haya yanadhamiria kueleza hatua hizo na kuonyesha jinsi ya kutambua mahali kazi ilipokwamia.

Mfano unaotumiwa ni Linux From Scratch, au LFS kwa ufupi, mradi ulioasisiwa na Gerard Beekmans mwaka 1999. LFS si programu ya kusakinishwa bali ni kitabu cha maelekezo. Mjenzi huchukua msimbo asilia wa Linux, kiini ambacho Linus Torvalds alikitangaza mwaka 1991, pamoja na msimbo wa programu nyingine huria. Kisha huzigeuza moja baada ya nyingine kuwa programu zinazoweza kuendeshwa, akitumia mfumo mwingine wa Linux uliopo tayari kama mwenyeji. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kwa anayejifunza yaweza kuchukua siku kadhaa. Mwishoni huja wakati wa kuzima mashine na kuiwasha upya, na hapo ndipo wajenzi wengi hulakiwa na kiwambo cheusi.

Mwanafunzi asiye na mwongozo hukata tamaa, akafuta kila kitu na kuanza upya. Wahenga walisema kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mwanafunzi huyu hubomoa ukuta mzima kwa sababu ya ufa ambao hakuutafuta. Baya zaidi ni kwamba, kwa kuwa hakulijua kosa lake, yamkini atalirudia, nalo litamngoja palepale baada ya siku nyingine za kazi.

Lengo la pili la makala ni la kilugha. Mara nyingi husemwa katika makongamano kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na teknolojia, na ushahidi unaotolewa huwa ni orodha za istilahi. Hata hivyo, orodha si maelezo. Kipimo cha haki zaidi ni kuitwika lugha kazi finyu na ngumu, kisha kutazama kama msomaji ataweza kutenda jambo baada ya kusoma.

Suala la Istilahi

Neno la Kiingereza "boot" limetokana na kamba za buti na dhana ya mtu kujiinua kwa kuzivuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Anayesema "kubuti" kwa Kiswahili huchukua kiatu na kukiacha kisa. Kwa upande mwingine, "kuwasha" hutaja umeme tu. Makala haya yanapendekeza "kuamka" kwa mfumo na "kuamsha" kwa kile kinachouamsha, kwa sababu mnyambuliko huo unamlazimu msemaji kujiuliza: nani amemwamsha nani?

Istilahi nyingine zitakazotumiwa ni chache. Kiini ni sehemu ya mfumo inayotawala vifaa na kugawa kumbukumbu. Kipakiaji ni programu ndogo inayokiweka kiini katika kumbukumbu. Katika LFS kipakiaji cha kawaida ni GRUB. Kiendeshi ni msimbo unaokiwezesha kiini kuongea na kifaa fulani, kwa mfano diski. Mzizi ni sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe, ambamo faili zote nyingine huchipuka.

Mbio za Kupokezana Vijiti

Kuamka kwa mfumo kunafanana na mbio za kupokezana vijiti. Programu ya bodi kuu hukimbia kwanza, ikampa kijiti kipakiaji. Kipakiaji humpa kiini. Kiini hushika mzizi, kisha humpa kijiti init, ambayo ni programu ya kwanza ya kawaida kuendeshwa. Init nayo huanzisha huduma zote zinazosalia. Kila mkimbiaji anamjua tu yule anayemfuata.

Kutokana na mpangilio huo hupatikana kanuni kuu ya uchunguzi: kosa hutafutwa kwa mkimbiaji wa mwisho aliyeonekana na kijiti, au katika makabidhiano baina yake na anayemfuata. Aliyekwisha kumaliza zamu yake aachwe, na ambaye hajaipata asilaumiwe.

Makabidhiano ya Kwanza: Bodi Kuu na Kipakiaji

Katika mashine zinazotumia BIOS, bodi kuu husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kutazama kama baiti zake mbili za mwisho ni 55 na AA katika hesabu ya kumi na sita. Katika mashine za UEFI, hutafutwa faili iliyo katika sehemu maalumu ya diski iliyoumbizwa kwa FAT. Ujumbe ukisema kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, mjenzi asiguse kiini chake, kwani hakijasomwa hata herufi moja. Achunguze kama GRUB iliwekwa kwenye diski nyingine, kama mpangilio wa diski katika bodi kuu ni sahihi, na kama GRUB iliandaliwa kwa BIOS ilhali mashine inafuata UEFI. Aidha, kinga iitwayo Secure Boot huweza kuikataa programu isiyotiwa saini inayoaminika na bodi kuu.

Makabidhiano ya Pili: Kipakiaji na Kiini

GRUB ina namna mbili za kulalamika ambazo wanagenzi wengi huzichanganya. Kiwambo kikionyesha "grub rescue>", GRUB imeamka nusu: haikuzipata moduli zake yenyewe. Kikionyesha "grub>" peke yake, moduli zimepatikana ila faili ya menyu, grub.cfg, haikuonekana au haina maagizo yanayofaa. Tofauti ya neno moja hubadilisha mahali pa kutafuta.

Katika hali hii ya pili kuna nafuu, kwa kuwa mjenzi anaweza kumwamsha mkimbiaji anayefuata kwa mkono. Amri ya ls humwonyesha diski na sehemu zake. Set root huteua sehemu yenye kiini. Linux hukitaja kiini na mzizi wake. Na boot hukabidhi kijiti. Ikumbukwe kwamba GRUB huhesabu diski kuanzia 0 lakini sehemu za diski kuanzia 1. Toleo lake la zamani lilihesabu vyote kuanzia 0, hivyo maelekezo ya kale yakinakiliwa bila kusailiwa humpeleka mjenzi kwenye sehemu ya jirani.

Makabidhiano ya Tatu: Kiini na Mzizi

Hapa ndipo wajenzi wengi wa LFS hukwama, na ndipo panapostahili kusomwa kwa makini. Maandishi mengi hupita kwa kasi, kisha mstari wa mwisho hutangaza "Kernel panic". Kulitafsiri neno hilo la pili kuwa "hofu" kunapotosha. Kiini hakijatimua mbio. Kimesimama makusudi kwa sababu hakina njia salama ya kuendelea. Neno "mgomo", ambalo halihitaji ufafanuzi katika vyuo vikuu vya Kenya, linafaa zaidi: kiini kimegoma, na kama wagomaji wote, kimetoa sababu.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kiini kimeshindwa kuushika mzizi, na mwishoni mwa ujumbe huwa na maneno "unknown-block" yakifuatwa na tarakimu mbili katika mabano. Tarakimu hizo ndizo ufunguo. Zikiwa 0 na 0, kiini hakikukitambua kifaa kilichotajwa: ama jina la mzizi katika menyu ya GRUB si sahihi, ama kiendeshi cha diski hakimo katika kiini. Zikiwa tarakimu nyingine, kwa mfano 8 na 2, kifaa kimeonekana. 8 ni namba ya kundi la diski zinazoitwa sd, na 2 ni sehemu ya pili ya diski ya kwanza katika kundi hilo. Katika hali hiyo, huenda kiini hakikupewa uwezo wa kusoma aina ya mfumo wa faili uliomo, kama vile ext4, au mfumo wa faili wenyewe umeharibika.

Chanzo cha kasoro hii huwa ni uamuzi mdogo uliofanywa wakati wa kusanidi kiini. Kila kiendeshi kinaweza kujengwa ndani ya kiini, kwa alama ya y, au kuwekwa kando kama moduli, kwa alama ya m. Moduli huhifadhiwa katika mzizi. Kiendeshi cha diski kikifanywa moduli, kiini hukihitaji ili kuufikia mzizi, nacho kimo ndani ya mzizi usiofikika: ni sawa na mtu aliyefunga mlango akaacha ufunguo ndani ya nyumba. Mifumo mingi ya kusambazwa huepuka tatizo hili kwa kutumia initramfs, yaani mzizi mdogo wa muda unaopakiwa pamoja na kiini. LFS ya kawaida haina kitu hicho, hivyo viendeshi vya diski na vya mfumo wa faili hujengwa ndani.

Kwa sababu iyo hiyo, mjenzi asiye na initramfs hawezi kuutambulisha mzizi kwa UUID ya mfumo wa faili, kwa kuwa kiini peke yake hakiisomi. Anaweza, hata hivyo, kutumia PARTUUID, ambayo ni kitambulisho cha sehemu ya diski.

Makabidhiano ya Nne: Kiini na Init

Mzizi ukishikwa, kiini huitafuta init katika /sbin/init, na mahali pengine pachache. Kikigoma hapa, namba ya kosa huongoza uchunguzi. Kosa -8 humaanisha kwamba faili ipo lakini umbo lake halitambuliki, pengine imejengwa kwa ajili ya aina nyingine ya kichakataji. Kosa -2 humaanisha kwamba kitu hakikupatikana, na hapa pana mtego: mjenzi huikagua /sbin/init, akaiona ipo, akadhani kiini kinasema uongo. Kisichopatikana huenda si init bali kiunganishi chake, faili ya maktaba ya glibc ambayo init huitegemea ili kuendeshwa. Katika mashine za biti 64 za x86, kiunganishi hicho hutafutwa katika /lib64/ld-linux-x86-64.so.2.

Init ikisha kuanza, makosa yanayosalia huwa mepesi zaidi. Kwa kawaida mzizi hushikwa kwanza kwa kusomwa tu, kisha huduma za mwanzo huukagua na kuufungulia uandishi. Mfumo unaoamka lakini ukakataa kuandika chochote humwelekeza mjenzi kwenye /etc/fstab, ambamo jina la sehemu au aina ya mfumo wa faili huwa limekosewa. Hali kadhalika, kiwambo cheusi kisicho na ujumbe wowote huenda kikawa kimetokana na kukosekana kwa kiendeshi cha kiwambo chenyewe. Mfumo huo umeamka, ila ni bubu.

Adabu za Uchunguzi

Kwanza, ujumbe wa mwisho unakiliwe au upigwe picha kabla mashine haijazimwa. Pili, mfumo mwenyeji usifutwe, kwani kwa kuutumia, pamoja na amri ya chroot, mjenzi huingia katika mfumo wake mpya na kuurekebisha bila kuujenga upya. Tatu, kiini kinachofanya kazi kibakizwe katika menyu hata baada ya kipya kujengwa. Nne, kwa tatizo la init, mstari wa kiini katika GRUB waweza kuongezewa init=/bin/bash ili kuona kama mfumo utatoa angaa ganda la amri. Tano, na hii ndiyo adabu kuu, libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matatu akafaulu hajui ni lipi lililomfaa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfumo unaokataa kuamka hukaribia kila mara kueleza ulipokomea. Ujumbe wake ni matini fupi, na kila neno na tarakimu humo ina kazi. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kusailia kwa nini msanii alichagua neno hili badala ya lile tayari ana nidhamu inayohitajika; anachokosa ni maelezo ya hatua kwa lugha anayoifikiria. Kazi ya kuyaandika ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wakishirikiana na wenzao wa idara za tarakilishi. Njia ya kuyapima ni rahisi: apewe mjenzi aliyekwama mbele ya kiwambo cheusi, na itazamwe kama ataupata ufa kabla ya kuubomoa ukuta.